Milimita 0.08 haisafishi mshipa

Wiki hii tena. Mama mmoja kashuka boti kutoka Pemba, kanijia na bahasha ya kaki, na kabla hata ya kulegeza ushungi kanikabidhi karatasi mbili. "Mwanangu, mishipa imesafika, eti? Vidonge vya tezi ya shingo vimefanya kazi." Miezi mitatu nyuma unene wa ukuta wa karotidi, mshipa mkubwa wa damu wa shingoni, ulisomeka milimita 0.82, leo 0.74.

Vidonge vimefanya kazi kweli. TSH, homoni inayopanda tezi ikizembea, imeteremka, sauti imerudi, uchovu umepungua. Tezi ikizembea, ini nalo huchelewa kuondoa LDL, kolesteroli mbaya, kwenye damu, namba ya chini ya presha hupanda, mishipa hukakamaa. Hayo sibishani nayo. Nabishana na hiyo 0.08.

Ukuta huo naupima kwa ultrasound, upande wa mbali wa mshipa, kama sentimita moja kabla haujaanza kutanuka na kugawanyika. Nikiinamisha mkono kidogo tu, mwale unaukata mshazari, ukuta "unanenepa". Nikigandisha picha moyo unaposukuma, mshipa umejaa, ukuta umevutika, "umekonda". Mwenye rovu ndiye anayenitoa jasho: uvimbe umeusukuma mshipa pembeni, nautafuta kama pweza pangoni. Mtu yuleyule, jeli ikifutwa na kupakwa upya, mimi mwenyewe hupata tofauti ya 0.05. Na ukuta wenyewe, mwaka mzima, hubadilika kiasi cha 0.01 hivi. Haya, piga hesabu.

Lawama nyingine ni yangu. Mimi ndiye ninayeandika tarakimu mbili baada ya nukta, utadhani nimeshika mizani ya sonara.

Halafu hili neno "mshipa"! Mmoja anasikia neva, mwingine ngiri, waliobaki wanaona bomba lililoziba taka. Unene wa ukuta si taka. Kinundu cha mafuta cha milimita 1.5 na zaidi, hicho nakiogopa, na mama hakuwa nacho.

Wale ambao TSH imepanda kidogo na T4, homoni ya tezi yenyewe, ni ya kawaida ndio wanaonitatiza. Tafiti zinavutana, na mimi, kwa wote niliowapima, siwezi kula kiapo kwamba kidonge kimewasaidia mishipa.

"Kwa hiyo niviache?" mama akauliza.

"Laa, mama, usiviache!"

Nikamfunga mkanda wa presha, kipimo ambacho hakikuandikwa kwenye karatasi yoyote kati ya zile mbili. Ilikuwa 168 kwa 98.