Mionzi imekwisha, mbona hapasuliwi?

Familia nyingi huuliza swali hilo kwa uchungu, na zina haki. Mgonjwa wa saratani amemaliza kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, amemaliza mionzi, kilo zimepungua, kisha anaambiwa arudi nyumbani, aje tena baada ya wiki kadhaa. Watu husema saratani imeachiwa nafasi ya kukua. Wengine huona mgonjwa wao ametelekezwa.

Mionzi haimalizi kazi yake siku mashine inapozimwa. Huharibu vinasaba vya seli za saratani, na nyingi kati ya hizo hufa baadaye, pale zinapojaribu kugawanyika. Kwa hiyo uvimbe unaweza kuendelea kusinyaa wiki nyingi baada ya kipindi cha mwisho. Katika saratani ya puru, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, madaktari wengi husubiri takriban wiki 6 hadi 12. Katika saratani ya umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, mara nyingi wiki 4 hadi 8. Wakati huohuo uboho ulio ndani ya mifupa unarudisha chembe nyeupe za kupambana na vijidudu na chembe sahani za kugandisha damu, na nyama zilizoungua ndani zinatulia. Ukiwahi mno, daktari anakata mahali palipovimba. Ukichelewa mno, makovu ya mionzi hukakamaa na kazi yake huwa ngumu zaidi. Tarehe uliyopewa imepimwa pande zote mbili, hivyo usiisogeze bila kuzungumza naye.

Dhana inayoniumiza kuliko zote inatokana na upendo: "Mwacheni alale, asije akapoteza nguvu kidogo alizobakiza." Misuli isiyotumika hunyauka upesi, na kemo tayari imeshaila. Baada ya upasuaji mkubwa mgonjwa hutakiwa kuvuta pumzi ndefu, kukohoa makohozi yatoke na kuinuka kitandani mapema, mara nyingi siku inayofuata, ili asipate nimonia wala damu kuganda miguuni. Nguvu hizo hutafutwa kabla. Atembee kila siku, mwendo wa kumfanya ahemeke kidogo lakini aweze kuzungumza. Ajizoeze kuinuka kitini bila kujishika. Afanye mazoezi ya kupumua kama atakavyoelekezwa. Akiwa hoi, dakika 5 asubuhi na 5 jioni ni mwanzo mzuri. Aulize kwanza hali ya moyo wake, kwa kuwa baadhi ya dawa za kemo huudhoofisha, na upungufu wa damu nao utibiwe mapema.

Chakula nacho kina maneno mengi. "Sukari inalisha saratani, nyama inaikuza, basi ale kidogo." Kumnyima mgonjwa chakula hakuui uvimbe, kunamdhoofisha yeye, na kidonda kinahitaji protini ili kifunge. Miongozo ya lishe ya wagonjwa wa saratani hutaja gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji kati ya gramu 72 na 90, na hizo hazipatikani kwa uji mwepesi peke yake. Kama amepoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito ndani ya miezi 6, daktari aambiwe mapema: wakati mwingine upasuaji husogezwa kidogo ili alishwe kwanza, hata kwa mpira wa kulishia.

"Picha ni safi, upasuaji wa nini tena?" Picha haioni kila seli iliyobaki. Hata hivyo, swali hili si la kipuuzi. Katika saratani ya puru, Angelita Habr-Gama na wenzake wa São Paulo, Brazil, walichapisha mwaka 2004 matokeo ya wagonjwa ambao uvimbe ulitoweka kabisa, wakafuatiliwa kwa karibu bila kupasuliwa. Njia hiyo hudai vipimo vya mara kwa mara kwa miaka, na uamuzi wa jopo la madaktari. Kuacha kurudi hospitali ni jambo jingine kabisa.

Wapo wanaosema mgonjwa akipasuliwa, hewa huingia tumboni na kusambaza saratani. Hewa haisambazi saratani. Naamini hofu hii ilitokana na watu waliopasuliwa ugonjwa ukiwa umeshaenea.

Sigara? Kuacha hata sasa kunasaidia, hasa wiki 4 au zaidi kabla ya upasuaji. Dawa za mitishamba na vidonge vya kitunguu saumu vitajwe kwa daktari bila aibu, maana baadhi huongeza kutoka damu.

Na usimzuie kula na kunywa tangu mchana wa kuamkia upasuaji ukidhani unamsaidia. Kwa wengi, chakula kigumu husimamishwa saa 6 kabla ya dawa ya usingizi, na maji matupu saa 2 kabla. Mwenye umio ulioziba au tumbo linalochelewa kumwaga chakula ana masharti yake, na hayo atapewa na daktari wa usingizi.