Nani anamfungia nani huko Wikipedia

Watu wakijua nahariri Wikipedia swali huwa lilelile, "sasa bosi wenu nani?" Nikisema hakuna bosi wananiangalia kama nawapiga kamba, maana kila mtu keshaona ukurasa wa upuuzi unafutwa na akaunti inayozingua inafungiwa, kwa hiyo lazima yupo mtu mahali anabonyeza kitufe. Wapo ndio, tena wengi, tunawaita wakabidhi (maadimini), ila kitufe walipewa na wahariri wenzao, na sheria wanayosimamia hawakujifungia chumbani wakaitunga. Ukichimba, nyingi zimetokana na ugomvi fulani ambao watu walichoka nao.

Wikipedia ya Kiingereza ilianza Januari 2001, na mojawapo ya sheria zake za mwanzo kabisa inasema kama sheria inakuzuia kuboresha kamusi elezo basi ipuuze. Bado ipo mpaka leo, ingawa mgeni akija kujitetea nayo hafiki mbali. Enzi hizo wahariri walikuwa wachache wanajuana, mkikosana mnaongea yanaisha. Alafu wakaja maelfu, na ndo mambo ya Gdańsk yakaanza.

Gdańsk ni mji wa Poland ambao Wajerumani wanauita Danzig, na kwa karne nyingi umepita mikononi mwa watawala tofauti. Sasa mmoja anaingia anaandika Danzig, mwingine anakuja anabadilisha Gdańsk, wa kwanza anarudisha, wa pili anarudisha alichorudisha mwenzake, ukifungua historia ya ukurasa (orodha ya mabadiliko yake yote) ni kurudishiana mwanzo mwisho, na sio ukurasa wa mji tu, kila mwanasayansi na kila mfanyabiashara aliyezaliwa pale naye anagombaniwa. Mwanzoni mwa 2005 wakapiga kura, kipindi kwa kipindi cha historia. Ikatoka hivi: kabla ya 1308 andika Gdańsk, kuanzia 1308 mpaka 1945 andika Danzig, baada ya 1945 rudi Gdańsk. Kwenye wasifu, mtu ambaye ni Mjerumani waziwazi anaandikiwa Danzig na Gdańsk inaingia kwenye mabano, akiwa Mpolandi kinyume chake. Mi napenda sana huu uamuzi kwa sababu haujaribu kusema mji ni wa nani, unasema tu uandike nini ili kesho tusirudi hapa tena. (Na mwaka 2010 mkutano wa kila mwaka wa wanawikipedia duniani, Wikimania, ukafanyika hukohuko Gdańsk.)

Lakini kura moja kwa mji mmoja haitoshi, kuna maelfu ya kurasa zenye ugomvi kama huo. Dawa ya jumla ndo ile sheria ya mara tatu, ambayo mwaka 2004 jumuiya ilikubali kwamba anayeivunja afungiwe. Hutakiwi kurudisha maandishi ya wenzako zaidi ya mara 3 kwenye ukurasa mmoja ndani ya saa 24, na ukifika ya nne unaweza kublokiwa hata kama unachosema ni kweli tupu. Hapo ndo watu wengi wanakasirika, "mimi nina ushahidi, yeye anaandika uongo, kwa nini nifungiwe mimi?" Kwa sababu sheria haipimi ukweli, inahesabu. Ni kama mama anayekuta watoto wanapigana, haulizi nani kaanza, wote nje kwanza. Mkabidhi hahitaji kusoma historia ya Poland yote ndo aamue, anafungua ukurasa wa historia, anahesabu, moja mbili tatu nne, basi. Na kila mtu mwingine anaweza kuhesabu vilevile akaona mkabidhi kaonea au hajaonea. Isipokuwa uharibifu wa wazi kabisa, mtu kafuta makala yote kaandika matusi, huo rudisha hata mara kumi, na vilevile uzushi usio na chanzo kuhusu mtu aliye hai.

Hiyo ya mtu aliye hai nayo ina kisa chake. Mei 2005 kuna mtu asiyejisajili aliandika kwenye wasifu wa John Seigenthaler, mwandishi wa habari mkongwe wa Marekani, kwamba aliwahi kushukiwa kuhusika na mauaji ya Rais John Kennedy na mdogo wake Robert. Uongo mtupu, ukakaa pale miezi bila mtu kushtuka, mpaka mwenyewe akaandika gazetini mwezi Novemba kulalamika. Desemba mwaka huohuo Wikipedia ya Kiingereza ikazuia wasio na akaunti kuanzisha makala mpya, na baadaye sera kali kuhusu wasifu wa walio hai ikajengeka. Ona lakini: sheria ya kuweka vyanzo ilikuwepo tayari, kilichokosekana pale ni macho.

Na macho yanawezekana kwa sababu ya vitu viwili vya kawaida sana ambavyo watu hawavitilii maanani, kwanza kila badiliko linahifadhiwa na jina la aliyefanya na saa aliyofanya, pili kurudisha ni rahisi kuliko kuharibu. Mharibifu anatumia dakika tano kuandika upuuzi, mimi nautoa kwa kubonyeza mara moja. Kabla ya kufungiwa unapewa onyo kwenye ukurasa wako wa majadiliano, alafu onyo kali zaidi, alafu unafungiwa masaa, ukirudi na yaleyale siku, alafu moja kwa moja. Mkabidhi mwenyewe hatakiwi kumfungia mtu anayebishana naye, anamwita mwingine. Juu kabisa, kwenye Kiingereza, tangu 2004 kuna kamati ya usuluhishi, na hiyo kazi yake ni tabia tu, haiamui makala iseme nini. Mwaka 2009, baada ya kesi ndefu, ilizuia anwani za mtandao zilizokuwa za kanisa la Scientology (dini iliyoanzia Marekani) zisihariri.

Sasa hayo yote ni Kiingereza, wenye mamia ya wakabidhi. Hamisha sheria hizohizo upeleke kwenye Wikipedia ndogo ya lugha nyingine uone.

Mwaka 2020 iligundulika kwamba sehemu kubwa ya Wikipedia ya Kiskoti (lugha ya Uskoti inayokaribiana na Kiingereza), zaidi ya makala 20,000, iliandikwa na kijana mmoja wa Marekani asiyejua Kiskoti, alikuwa anachukua Kiingereza anabadilisha tahajia. Na alikuwa mkabidhi! Sheria ya mara tatu haikusaidia kitu, maana karibu hakuna aliyekuwepo wa kurudishiana naye. Wikipedia ya Kikroatia ilikuwa mbaya zaidi, kikundi kidogo cha wakabidhi wa mrengo wa kulia kiliishika kwa takriban miaka kumi, wanapindisha historia na anayepinga anafungiwa, na wanamfungia kwa sheria zilezile za kutokuwa na upande na kutosumbua wenzako. Ikabidi watu wa nje waingilie, ripoti ya Wikimedia, shirika linaloendesha Wikipedia, ikatoka 2021. Kwa hiyo mtu akiniambia jumuiya yao ina kanuni nzuri mi namuuliza kitu kimoja, nani anaweza kumpinga adimini wenu na akabaki ndani?

Kwetu kwenye Kiswahili (tupo tangu 2003) tatizo ni la aina nyingine. Unapiga doria kwenye Mabadiliko ya karibuni, yaani orodha ya kila kilichohaririwa sasa hivi, unakutana na kitu kama hiki: "Fulani ni msanii chipukizi mkali sana anayetamba na ngoma zake, kwa booking piga namba..." Sawa, namba inatolewa palepale, hiyo haina mjadala, unabandika kigezo cha futa (kibandiko cha kuomba ukurasa ufutwe), unaandika sababu. Jioni karudi na akaunti nyingine kaandika tena. Huyo rahisi. Mgumu ni yule msanii wa singeli ambaye kweli anajaza viwanja, kila bodaboda anapiga nyimbo zake, ila ukitafuta chanzo huru unapata Yutubu yake mwenyewe na posti za Instagramu. Sheria ya umaarufu, inayotaka mtu awe ameandikwa na vyanzo huru, tuliichukua kwa wenzetu wa Kiingereza, na wenzetu waliitunga wakiwa na magazeti ambayo kumbukumbu zake zote zipo mtandaoni. Huku mtu anahojiwa redioni lisaa lizima, mji mzima umesikia, kesho yake hakuna hata linki. Tukifuata sheria kama ilivyo tunafuta watu wanaostahili, tukilegeza tunageuka ubao wa matangazo. Msimamo wangu, na sio wote tunakubaliana, ni kwamba gazeti la karatasi lenye tarehe na ukurasa linatosha, hata kama halipo mtandaoni, na mahojiano ya redio yakubalike kama kipindi, kituo na tarehe vimetajwa. Wenzangu wanauliza nani atahakiki, na ni swali la haki, kwa sababu doria tunapiga wachache na karibu wote tuna kazi zetu nyingine.

Kwa hiyo kama makala yako imefutwa usianze na matusi kwa mkabidhi, wala usiirudishe kimyakimya. Angalia sababu kwenye kumbukumbu za kufuta, nenda ukurasa wa majadiliano wa huyo mkabidhi, weka vyanzo viwili au vitatu ambavyo sio vya kwako wala vya meneja wako, sema wewe ni nani kwa huyo unayemwandika kama mna uhusiano, alafu weka sahihi kwa alama ya ~ mara nne. Usipofanya hivyo tunalazimika kwenda kwenye historia kutafuta nani kaandika.