Mtoto njiti haongezi uzito: kabla ya probiotiki, piga hesabu ya maziwa

Katika wodi za watoto wachanga hapa Nairobi swali hili huulizwa kando ya mizani: mtoto hajaongeza uzito siku tatu sasa, je, tumpe probiotiki? Jibu langu ni kwamba probiotiki si dawa ya uzito. Zina kazi yake, tena kazi kubwa, lakini anayetafuta gramu aanze na maziwa, kisha joto la mtoto, kisha mizani yenyewe.

Probiotiki ni bakteria hai tunaowapanda kwenye utumbo wa mtoto. Njiti wa wiki 29 za ujauzito mara nyingi amezaliwa kwa upasuaji, ameanzishiwa antibiotiki siku ya kwanza, na yuko kwenye inkubeta badala ya kifua cha mama. Wanaowahi kukaa tumboni mwake ni wadudu wa wodini. Utumbo wenyewe haujakomaa, na hapo ndipo inapoingia NEC, ugonjwa unaovimbisha ukuta wa utumbo mpaka sehemu yake inakufa. Probiotiki hutolewa kukinga ugonjwa huo. Uchambuzi wa Cochrane wa 2023 ulikusanya majaribio 60 yenye watoto zaidi ya 11,000, na ukaonyesha kwamba huenda zikapunguza NEC kwa karibu nusu. Kwa waliozaliwa chini ya wiki 28 au chini ya kilo moja, faida hiyo haikuonekana wazi.

Uzito unaingia kwa mlango wa nyuma. Mtoto mwenye NEC hunyimwa maziwa kwa siku 7 hadi 10, wakati mwingine zaidi, na ukuaji husimama. Aliyekingwa huendelea kula.

Kuna utafiti wa India wa 2017 ambao hutajwa sana kama ushahidi kwa njiti. Ulihusisha watoto zaidi ya 4,500 wa vijijini Odisha waliopewa Lactobacillus plantarum pamoja na sukari ya kuilisha, na maambukizi ya damu na vifo, vikihesabiwa pamoja, vikapungua. Lakini watoto hao walizaliwa wakiwa na wiki 35 au zaidi na kilo 2 au zaidi. Hawafanani na mtoto wa gramu 1,100, na naomba wenzangu tuache kuuchomeka pale usipohusika.

Aina ya bakteria nayo ni jambo zito. Jaribio la Uingereza lililochapishwa 2016 lilitumia Bifidobacterium breve peke yake, halikupata faida. La Australia na New Zealand, 2013, lilichanganya aina tatu, na NEC ikapungua. Kwa hiyo pakiti iliyoandikwa “probiotiki” tu haijakuambia kitu. Tafuta jina kamili la bakteria mpaka herufi na namba za mwisho, na idadi ya bakteria hai inayohakikishwa hadi tarehe ya kuisha muda, si siku ya kutengenezwa. Ikiwa inatakiwa ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8 na imeshinda kwenye begi kwenye matatu mchana kutwa, huenda unampa mtoto unga wa bakteria waliokufa. Mala na mtindi havimfai njiti hata tone moja.

Na hatari ipo. Mwaka 2023 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya madaktari baada ya mtoto wa chini ya gramu 1,000 kufariki. Bakteria waliokuwa kwenye damu yake walikuwa wale wale wa kwenye bidhaa aliyopewa. Ndiyo maana nasema mama asinunue dukani akaweka kimyakimya kwenye maziwa. Daktari akiamua kutoa, pakiti ifunguliwe mbali na mtoto mwenye mrija wa mshipa, maana ule unga hupeperuka, na glavu zivuliwe kabla ya kugusa mrija huo. Maabara iambiwe, wasije wakaona bakteria hao kwenye damu wakadhani ni uchafu wa sampuli. Mtoto akisimamishiwa maziwa, nazo zisimame.

Shirika la Afya Duniani, 2022, lilisema probiotiki zinaweza kufikiriwa kwa waliozaliwa kabla ya wiki 32 wanaolishwa maziwa ya binadamu. Sharti hilo la maziwa lina maana. Maziwa ya mama yana sukari ambazo mtoto hawezi kuzimeng’enya. Ni chakula cha bifidobakteria. Kupanda bakteria hao bila maziwa hayo ni kama kupanda mahindi kwenye lami. Maziwa ya kuchangiwa, kama ya benki ya Pumwani iliyofunguliwa 2019, hupashwa moto kwa nyuzi 62.5 kwa dakika 30. Ni salama na ni bora kuliko ya kopo, lakini joto hilo huua vimeng’enya vya kusaga mafuta, na mtoto hukua polepole kuliko kwa maziwa mabichi ya mama yake.

Sasa hesabu. Mtoto ana gramu 1,400. Kwa mililita 160 kwa kilo anahitaji 224 kwa siku, yaani kama 19 kila saa mbili. Maziwa ya mama yana takriban kilokalori 67 kwa mililita 100, kwa hiyo anapata 107 kwa kilo, na njiti anataka 110 hadi 130. Ukipanda hadi 180 kwa kilo anapata mililita 21 kila saa mbili na kilokalori 120. Kosa ninaloliona zaidi ni chati iliyobaki na hesabu ya wiki iliyopita: mtoto alikuwa 1,250, bado anapewa 17, na hakuna aliyegundua.

Angalia pia bomba la sindano baada ya kulisha. Ile pete ya manjano iliyoganda ukutani ni mafuta, ndiyo nguvu aliyokusudiwa mtoto. Zungusha chupa taratibu kabla ya kumimina, na usiache maziwa yatulie muda mrefu kwenye mrija wa kulishia. Mama mwenye maziwa mengi akamue ya dakika mbili tatu za mwanzo kwenye chombo kimoja, yanayofuata kwenye kingine. Yale ya pili ni mazito zaidi, mpe mtoto hayo kwanza.

Pima uchi, mizani ile ile, saa ile ile, kabla ya kulisha. Lengo ni gramu 15 hadi 20 kwa kilo kwa siku, kwa huyu wetu 21 hadi 28, ukiangalia wastani wa siku saba. Wiki ya kwanza kupungua hadi asilimia 10 si ajabu. Uzito wa kuzaliwa urudi kufikia siku ya 10 hadi 14. Mtoto mwenye nyuzi 36.2 anachoma maziwa yake kujipasha moto. Mweke kangaruu, yaani ngozi kwa ngozi kifuani, saa nane kwa siku au zaidi, ndipo uhesabu tena.

Lakini tumbo likijaa na kung’aa, mrija ukirudisha nyongo ya kijani, choo kikiwa na damu, au mtoto akisita kupumua, acha kulisha na mwite daktari dakika hiyo hiyo.