Ozoni haiko mawinguni: matabaka ya angahewa na kibali cha mtungi wako wa gesi

Kila inapokaribia Septemba 16, Siku ya Kimataifa ya Kuhifadhi Tabaka la Ozoni, ofisi za ozoni kama yetu, zinazoshughulikia uagizaji wa gesi za majokofu, hupokea maswali ya aina mbili. Mafundi majokofu na waagizaji huuliza kwa nini mitungi yao ya gesi imezuiwa forodhani. Wengine huuliza kama joto la mwaka huu limeletwa na ozoni "kutoboka". Maswali hayo yanajibika tukijua hewa ilivyopangwa juu yetu.

Matabaka ya angahewa hayakugawanywa kwa kilomita, bali kwa mwenendo wa jotoridi. Ukipanda kutoka ardhini jotoridi hushuka, kisha hugeuka na kuongezeka, hushuka tena, halafu huongezeka kwa mara ya pili. Kila linapogeuka, umetoka tabaka moja na kuingia jingine.

Tabaka la chini ni troposfia. Kimo chake ni kama kilomita 8 kwenye ncha za dunia na kati ya 16 na 18 kwenye ikweta. Zaidi ya robo tatu ya hewa yote kwa uzito imo humo, pamoja na karibu mvuke wote wa maji. Jua hupasha ardhi, nayo ardhi hupasha hewa kutoka chini. Ndiyo maana jotoridi hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kila kilomita. Hewa ya moto ikiwa chini ya hewa baridi haitulii, hupanda na kupinduka. Mawingu, mvua na dhoruba vyote ni matokeo ya mpinduko huo.

Juu yake ni stratosfia, inayofika kama kilomita 50. Mwaka 1902 mtaalamu wa hali ya hewa wa Ufaransa, Léon Teisserenc de Bort, alitangaza kwamba jotoridi huacha kushuka huko juu. Alikuwa amerusha maputo zaidi ya 200, mengi usiku, ili jua lisipashe vipimajoto na kumpotosha. Kinachoipasha stratosfia ni ozoni, gesi ambayo hunyonya miale ya urujuanimno (UV) ya jua. Sehemu kubwa ya gesi hiyo iko kati ya kilomita 15 na 35, juu kabisa ya mawingu ya mvua.

Hapa pana dhana inayotuchosha kidogo, kwamba ozoni ni kama paa. Si paa. Tabaka la ozoni ni gesi iliyotawanyika ndani ya hewa nyembamba, na kama ungeikusanya yote na kuileta usawa wa bahari, ingefanya utando wa milimita 3 hivi. Kiasi hicho kidogo huzuia urujuanimno wote wa aina ya UV-C na sehemu kubwa ya UV-B, inayodhuru macho, ngozi na mimea. UV-A hupita karibu yote. Na ozoni inayotokea karibu na ardhi kutokana na moshi wa magari na viwanda si kinga, ni uchafuzi unaoumiza mapafu.

Matabaka yaliyobaki nitayapitia haraka, kwa kuwa hayahusiki na mtungi wa mtu yeyote. Mesosfia hufika kama kilomita 85. Jotoridi lake hushuka hadi karibu nyuzi 90 chini ya sifuri, na ndimo vimondo vingi huungulia. Kisha themosfia, ambako jotoridi linaweza kuzidi nyuzi 1,000, ingawa hewa ni haba mno kiasi kwamba hungehisi joto hilo. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu huzunguka humo, kwenye kimo cha kilomita 400 hivi. Zaidi ya hapo ni eksosfia, na mwisho wake hauna mstari.

Turudi stratosfia. Kwa kuwa hewa ya moto imekaa juu ya ile baridi, mpinduko ni mdogo sana. Mvua hainyeshi humo, na kinachoingia hukawia kutoka. Gesi za CFC (klorofluorokaboni), zilizotumika kwa miongo kadhaa kwenye majokofu, viyoyozi na makopo ya kupulizia, haziyeyuki katika maji ya mvua wala haziharibiki zikiwa troposfia. Upepo huzipandisha polepole hadi stratosfia, urujuanimno huzivunja, na klorini hutoka. Atomi moja ya klorini inaweza kuharibu maelfu ya molekuli za ozoni kabla haijanaswa. CFC-12 hudumu hewani takriban miaka 100. Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza hatari hiyo mwaka 1974. Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza wakachapisha vipimo vya kituo cha Halley, Antaktika, vilivyoonyesha ozoni imepungua vibaya katika majira ya kuchipua ya huko.

Mafundi wengi hutuambia: gesi hizi ni nzito kuliko hewa, zitapandaje? Tumelijibu swali hili mara nyingi kuliko tunavyopenda. Chini ya kilomita 100 hivi, upepo na misukosuko ya hewa huchanganya gesi bila kujali uzito. Kama uzito ndio ungeamua, arigoni na kabonidayoksaidi, ambazo nazo ni nzito kuliko oksijeni, zingelala ardhini nasi tusingekuwepo kubishana.

Na "tundu" si tundu. Ni eneo ambalo ozoni hukonda sana, hasa juu ya Antaktika kati ya Septemba na Novemba. Halileti joto unalolihisi mchana. Joto hilo linaongezwa na gesi zinazonasa mnururisho unaotoka ardhini, na dalili yake ni kwamba troposfia inapata joto huku stratosfia ikipoa. Uhusiano uliopo ni huu: CFC, na HFC zilizochukua nafasi yake, nazo hunasa joto. Kilo moja ya HFC-134a huhesabiwa sawa na kilo 1,430 za kabonidayoksaidi kwa kipindi cha miaka 100. HFC haziharibu ozoni, lakini Marekebisho ya Kigali ya 2016 yaliziingiza kwenye Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti gesi zinazoharibu ozoni, kwa sababu hunasa joto.

Sasa taratibu, ambazo ndizo chanzo cha malalamiko mengi. Kifungu cha 4B cha Itifaki kinaitaka kila nchi mwanachama iwe na mfumo wa leseni za kuingiza na kutoa gesi zinazodhibitiwa. Leseni hutangulia mzigo; haiombwi meli ikiwa imeshatia nanga. Kiasi unachopewa hutokana na ukomo wa nchi nzima, hivyo kunyimwa si lazima kuwe uonevu. Nchi hutoa takwimu zake kufikia Septemba 30 ya mwaka unaofuata. Ikikiuka, Kamati ya Utekelezaji yenye nchi 10 hulipitia shauri, na hatua zinaweza kuanzia msaada, kisha onyo, hadi kusimamishwa kwa baadhi ya haki chini ya Itifaki. Kwa mwagizaji binafsi adhabu hutegemea sheria ya nchi yake: mara nyingi mzigo hutaifishwa au hurudishwa ulikotoka kwa gharama yake, mbali na faini. Makala haya hayachukui nafasi ya sheria hiyo, isome.

Angalia pia msimbo wa forodha. Toleo la 2022 la mfumo wa kimataifa wa misimbo lilizipa HFC nafasi zake, na michanganyiko kama R-410A iko chini ya kichwa 38.27. Kuandika "gesi ya friji" tu hakutoshi. Andika namba ya R inayotambulisha gesi (kama R-410A), uzito halisi na idadi ya mitungi. Na kifungu cha 4B kinataja gesi mpya, zilizotumika, zilizorejelezwa na zilizosafishwa upya, zote kwa pamoja, kwa hiyo hoja kwamba "hii si mpya" haiuondoi mzigo forodhani.