Sheria ya nishati ifundishwe kuanzia kwenye mkuza wa umeme

Ninafundisha sheria ya nishati na miundombinu hapa Dodoma, na kadiri miaka inavyokwenda ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba somo hili lisianzie kwenye leseni wala kwenye muundo wa soko la umeme, bali kwenye ardhi inayosimamishwa nguzo. Njia ya kilovolti 400 inayotoka Iringa kupitia Dodoma na Singida hadi Shinyanga ina urefu wa takribani kilomita 670, na mkuza wake, yaani ukanda wa ardhi unaotengwa kwa ajili ya nguzo na nyaya, umekatiza mashamba na vijiji vyenye watu. Kwa hiyo kabla ya kuifungua Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, wanafunzi wangu husoma kwanza Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ambayo inaelekeza kwamba ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 ikitakiwa kuhaulishwa, yaani kuhamishwa kutoka mikononi mwa kijiji, kwa manufaa ya umma, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoidhinisha au kukataa, na kwamba uhaulishaji haufanyiki mpaka aina, kiasi, namna na muda wa kulipa fidia viwe vimekubaliwa.

Kwenye fidia huwa tunakaa muda mrefu, na sioni sababu ya kuharakisha. Kanuni za uthamini za mwaka 2001 hazikuishia kwenye bei ya ardhi na maendelezo yaliyomo, kwani zimeongeza posho ya usumbufu, gharama za usafiri, na upotevu wa faida au wa makazi, na zimeagiza riba pale malipo yanapochelewa kupita miezi sita. Mwanafunzi akipewa shamba la mizabibu la Hombolo akokotoe anachostahili mwenye nalo, ndipo anapong'amua kwamba mzabibu uliokwisha kuanza kuzaa haulinganishwi na mche uliopandwa juzi.

Baada ya hapo ndipo tunapofika kwenye mikataba ya ununuzi wa umeme. Mfano ninaoutumia ni mkataba wa mwaka 1995 kati ya TANESCO, shirika la umeme la taifa, na IPTL, kampuni binafsi ya kuzalisha umeme, wa miaka 20, ambao uliitaka TANESCO kulipia uwezo wa mtambo hata pale usipozalisha umeme. Mgogoro wa bei ulifika mbele ya baraza la usuluhishi la ICSID, kituo cha kimataifa cha migogoro ya uwekezaji, na madai yaliyotokana na mkataba huohuo yaliendelea kwa miaka mingi baadaye. Masharti ya namna hii huishia kwenye bei anayolipa mteja, kama ambavyo gharama za fidia nazo huishia humo. Maombi ya kubadili bei hupelekwa EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji yenye makao makuu yake hapahapa Dodoma, ambayo huendesha taftishi ya wazi, yaani kikao cha kukusanya maoni ya wadau, kabla ya kuamua, na asiyeridhika hukata rufaa katika Baraza la Ushindani.

Kiongozi ninayemwandaa ni mwanasheria awezaye kuufuatilia mnyororo huo wote: aketi na mthamini shambani, asimame kwenye taftishi, na amweleze mkurugenzi wake bila woga kwamba kifungu fulani kitawaumiza walipaji. Wahitimu wengi huajiriwa wakakabidhiwa mikataba ambayo majadiliano yake yamekwisha, kazi yao ikabaki kusahihisha maandishi. Ninaziomba taasisi zinazowaajiri ziwaingize kwenye timu ya mradi tangu hatua ya upembuzi yakinifu, wakati njia ya mkuza bado inaweza kubadilishwa kwenye ramani.