Hita mpya, maji kiduchu: uchafu wa zamani umehamia kwenye koki zako

Juni na Julai simu yangu hailali. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri ya miezi hiyo maji ya bomba yanauma hadi kwenye mifupa ya vidole. Hita ikifa, nyumba nzima inajua kabla ya chai. Watu wanabadilisha kwa haraka, wanashukuru, na siku chache baadaye simu inalia tena: "Fundi, hita ni mpya kabisa, lakini maji ya moto yanatoka kama uzi."

Mwaka huu niliitwa nyumba moja maeneo ya Forest. Mama mwenye nyumba alikuwa amefungiwa hita ya lita 80 siku ya Ijumaa. Jumapili koki ya jikoni ikalegea upande wa moto, Jumatatu shawa ya watoto. Fundi aliyemfungia akamwambia presha ya nyumba ni ndogo, anunue pampu. Akanunua. Maji yakaja kwa nguvu siku mbili, kisha yakagoma kabisa. Nilipofika nilimwamkia, nikaomba beseni na mswaki wa zamani, nikafungua ule wavu mdogo ulioko kwenye mdomo wa koki ya jikoni. Nikaugonga kwenye kiganja. Zikadondoka punje za kahawia na nyeupe, karibu nusu kijiko cha chai.

"Mwanangu, pampu yote ile, kumbe ni huu mchanga?"

"Ndiyo, mama. Na pampu ndiyo imeushindilia zaidi."

Hilo linaniuma, kwa sababu fedha ile ingelipa ada ya mtoto, na kazi yenyewe iliyohitajika ni ya saa mbili, bila kifaa kipya hata kimoja. Hita mpya haikuwa na kosa. Uchafu ulikuwa ndani ya nyumba miaka yote, umelala. Kubadilisha hita ndiko kulikouamsha.

Maji yanapofungwa kwa kazi, mabomba yanabaki na hewa. Yakifunguliwa tena, yanaingia kwa kishindo na kubandua kutu na magamba yaliyoshika kuta za bomba tangu nyumba ijengwe. Mabomba ya chuma ya zamani ndiyo mabaya zaidi kwa hili. Ongeza mashapo ya hita ya zamani yaliyokuwa yamekwisha kuingia kwenye njia ya moto, ongeza vipande vya plastiki vilivyotoka kwenye msumeno wa fundi na nyuzi za tepu nyeupe tunayofungia tredi. Vyote vinasafiri na maji hadi penye tundu dogo kuliko yote, vinakaa hapo. Tundu hilo ni wavu wa koki yako.

Chokaa nayo ina kisa chake, na sisi wa huku tuna mfano wake mlangoni. Ukitoka mjini kuelekea Tunduma, bonde la Songwe lina chemchemi za maji moto. Maji yale yamebeba chokaa iliyoyeyuka pamoja na hewa ya ukaa. Yakifika juu hewa inatoroka, chokaa inakosa wa kuishikilia, inaganda na kuwa jiwe. Ndani ya hita inatokea karibu vilevile: maji yakipata moto, hewa ile inatoka na chokaa inatua chini na juu ya koili, chuma kinachochemsha maji. Ukisikia hita inabubujika na kugongagonga kama sufuria ya makande, ni maji yanayochemkia chini ya mashapo. Maji yetu ya chemchemi za milimani mara nyingi ni laini, hayaachi chokaa nyingi. Magamba mazito nimeyakuta zaidi kwenye nyumba zenye visima virefu. Kwa maji ya bomba, adui ni tope la masika linaloingia kwenye simtanki na kutulia.

Kabla ya kusafisha, zitazame punje zenyewe. Zimwage kwenye sahani nyeupe, zikaushe, weka matone ya siki. Zikitoa povu, ni chokaa. Pitisha sumaku, zikirukia, ni kutu. Zikielea kwenye glasi ya maji, ni plastiki: ama vumbi la msumeno, ama bomba dogo la ndani linaloshusha maji baridi chini ya hita limeanza kumeguka, na kama vinazidi kuja wiki baada ya wiki, shuku hilo la pili. Vipande vyeusi vinavyopaka vidole kama masizi ni mpira uliooza wa mipira ya kuunganishia, na huo haufai kusafishwa, badilisha. Usiruke hatua hii. Mtu anayejua alichokishika hawezi kuuziwa pampu.

Sasa kusukuma uchafu nje. Hapa ndipo wengi wanakosea, maana wanafungua maji kwanza, nyavu zikiwa bado mahali pake. Fanya kinyume. Zima hita kwenye swichi yake, na ibaki imezimwa hadi mwisho. Koili ikiwaka bila maji kuizunguka inaungua kwa muda mfupi sana, na hita yako mpya inakuwa chuma chakavu. Zungukia nyumba nzima, fungua nyavu za koki zote na kichwa cha kila shawa, ziweke kwenye beseni kwa mpangilio ili ujue kipi kilitoka wapi. Ziba tundu la sinki kwa kitambaa, kwa sababu zile pete ndogo za mpira zinapenda kukimbilia humo.

Anza na maji baridi. Fungua koki iliyo karibu na bomba kuu linapoingia, iache ikimbie hadi ndoo nyeupe ionyeshe maji safi, kisha nenda inayofuata, hadi ya mbali kabisa. Baridi inatangulia kwa sababu ndiyo inayoilisha hita. Ukianza na moto, unaingiza uchafu wa njia ya baridi ndani ya tanki jipya. Ukimaliza, fungua upande wa moto kwa mpangilio huohuo, kuanzia koki iliyo karibu na hita. Itakohoa na kutema hewa. Subiri hadi mkondo uwe mmoja usiokatika. Maji hayo ya mwanzo mwagia maua au osha uwanja, usipikie uji wa mtoto.

Kwenye nyumba zetu za simtanki kuna jambo la kuzingatia. Kila mita moja ya urefu inakupa presha ya bar 0.1 tu. Tanki lililo mita 3 juu ya koki linatoa bar 0.3, nguvu ndogo sana ya kusukuma punje. Kwa hiyo fungua koki moja moja, kikamilifu, usifungue nne kwa pamoja ukagawanya nguvu. Nilifunga kazi moja Uyole nikiwa bado kijana wa kubeba spana, nikafungua zote mara moja ili kuokoa muda. Tulirudi nyumba ile mara tatu.

Nyavu na vichwa vya shawa loweka kwenye siki nyeupe kwa saa kadhaa, usiku mmoja kama ni chokaa nzito, kisha sugua kwa mswaki. Ndimu inafaa pia, inachukua muda zaidi. Vilivyopakwa rangi nyeusi au ya dhahabu visikae humo zaidi ya nusu saa. Nimeona watu wakitumia maji ya betri. Tafadhali, hapana! Yanakula chuma, yanakula ngozi, yanapofusha. Na siki isikutane na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, mvuke wake unaumiza mapafu.

Shawa zile zinazochemsha maji papo hapo, ambazo zimejaa Mbeya hadi Njombe, zinadanganya wengi. Ndani yake kuna swichi inayowashwa na nguvu ya maji. Wavu wa kuingilia ukiziba, maji yanatiririka kidogo lakini koili haiwaki, na mtu anaamini shawa imekufa. Zima umeme kwenye breka, ifungue pale inapoungana na bomba, safisha kijiwavu, rudisha. Nyingi nilizoletewa kama mbovu zilipona hapo hapo.

Choo nacho, ingawa hakitumii maji ya moto, kinapata mshtuko uleule wa kufungwa na kufunguliwa. Ukisikia maji yanatiririka kwenye tanki la choo usiku kucha, kuna punje imekaa chini ya mpira wa boya. Funga koki yake ya pembeni, fungua kifuniko cha valvu ya boya, gubika kikombe juu yake, fungua maji kwa sekunde kumi, funga, rudisha kifuniko. Mashine ya kufulia ina wavu pale mpira wa maji unapoingilia nyuma. Uchomoe kwa plaizi taratibu. Koki za miksa, za mkono mmoja, zikibaki dhaifu baada ya yote hayo, tatizo liko kwenye katriji, kile kiini cha ndani kinachofungua na kufunga maji. Ichomoe, ioshe, na ukiona mkwaruzo kwenye visahani vyake vya kauri nenda nayo mkononi soko la Mwanjelwa ukatafute inayofanana. Usiende na picha tu kwenye simu, vipimo vinatofautiana kidogo na utarudi mikono mitupu.

Na simtanki panda ulitazame. Kama chini kuna tope la vidole viwili, kazi yote niliyoeleza utairudia masika yajayo. Bomba la kutolea maji liwe juu kidogo ya sakafu ya tanki, tope likae chini yake, na liwepo tundu la kumwagia tope lenyewe. Hita yenyewe imwage mara moja kwa mwaka, ikiwa imezimwa na imepoa. Mwezi Mei ni mzuri, mvua zimekatika na baridi kali haijafika.

Kule Forest pampu tuliiondoa, mama ameiweka stoo. Nilimwomba afungue nyavu tena baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki mbili, kwa sababu punje nyingine huchelewa njiani. Mara ya kwanza alipata chembe za kujaza ncha ya kijiko. Mara ya pili alinipigia akiwa amesimama kwenye sinki, nasikia maji yanaanguka nyuma ya sauti yake. "Wavu mweupe, mwanangu. Hakuna kitu."