Dawa ya Kupuliza Si Mafuta ya Mnyororo wa Baiskeli

Imani ya kwamba WD-40 ya kawaida, dawa ya kupuliza ya kopo, inatosha kulainisha mnyororo wa baiskeli imedumu kwa miaka mingi, na chanzo chake kinaeleweka: ukiupulizia mnyororo unaolia, kelele hukoma papo hapo. Hata hivyo, fomula hiyo iliyobuniwa Marekani mwaka 1953 ilikusudiwa kuondoa maji na kukinga chuma dhidi ya kutu. Sehemu yake kubwa ni vimiminika vyepesi ambavyo hugeuka mvuke haraka na kuacha utando mwembamba wa mafuta, usiostahimili kwa muda mrefu msuguano ulio kati ya pini na roli, yaani vigurudumu vidogo vya mnyororo. Tena vimiminika hivyo huyeyusha mafuta mazito yaliyokuwamo, ndiyo maana kelele hurudi baada ya safari chache. Kwa kusafishia, inafaa.

Mnyororo ukishasafishwa na kukauka, weka tone moja la mafuta yake maalumu juu ya kila roli, zungusha pedali kinyumenyume, subiri yapenye, kisha futa kwa kitambaa yote yaliyobaki nje. Hatua hii ya mwisho hupuuzwa sana, nami naiona kuwa muhimu kuliko chapa ya mafuta yenyewe, kwa sababu mafuta ya nje hunasa vumbi na mchanga, ambavyo huula mnyororo kama msasa. Penye vumbi, mafuta ya nta hufaa zaidi. Penye mvua, yale mazito. Diski za breki zisiguswe na lolote kati ya hayo.